Samaki Watano wa Siku ya Mavuno

Mambo haya yote, nikiyapigia hesabu, yaligharimu chupa moja ya kioo yenye samaki watano, kiti kimoja cha mbele kanisani, na msalaba mmoja wa saruji ambao mpaka leo haujasimamishwa. Nimehesabu mara mbili. Mshahara wangu sijauweka humo, maana ulikuwa mdogo kiasi cha kutoharibu hesabu ya mtu yeyote.

Siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi ya chumba cha chupa, ninyi vijana mliobaki na funguo zake. Mlitaka kujua mambo ya formalini na lebo. Nitayasema. Lakini nina jambo langu pia, na mtu aliyekulia sokoni haandiki kurasa zote hizi bure. Ombi langu liko mwisho. Msirukie huko, mtakuwa mmelipa kabla ya kuona bidhaa.

Niliingia kituo hiki cha utafiti wa samaki hapa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitokea Nyalenda, ambako nilikuwa nikiuza samaki wa kukaushwa kwa mafungu. Sikuajiriwa kwa cheti. Watafiti walikuwa wakienda wenyewe bichi, wanakoshukia wavuvi, kununua fulu wa kuchunguza, na akina mama wakiona koti jeupe wanapandisha bei mpaka fulu anauzwa kama ngege, samaki wa wenye pesa. Fulu, kwa aliyezaliwa juzi, ni samaki mdogo wa ziwa hili, wa kutosha kiganjani, mwenye miiba mgongoni na mifupa mingi ya kukukwama kooni. Alikuwa kitoweo cha mtu ambaye pesa ya ngege haijamfikia. Mkubwa wa kituo aliniona sokoni nikibishana bei na mama mmoja mpaka mama yule akaniongezea samaki ili tu niondoke. Jumatatu iliyofuata nilikuwa na kazi.

Nilikabidhiwa kwa Mzee Odera, fundi wa chumba cha chupa. Alikuwa mfupi, mkavu, na vidole vyake vilinuka formalini hata siku ya harusi ya binti yake, nilikuwepo, nilinusa. Chumba kilikuwa rafu kutoka sakafuni hadi darini, kila rafu chupa, kila chupa fulu. Nikacheka.

"Mzee, hii yote si ni fungu moja tu la sokoni?"

Alinipa kiti, lenzi, kibano na samaki mmoja, akaniambia nihesabu miiba ya mgongoni. Nikahesabu. "Hesabu tena," akasema. Nikahesabu tena, nikapata namba nyingine. Nikajua nafukuzwa kabla ya chai.

"Sawa," akasema. "Sasa usihesabu mara ya tatu wewe. Jicho lako limeshaanza kupenda moja kati ya hizo namba. Mpe mwenzako ahesabu, na usimwambie ulipata ngapi."

Akachukua lenzi, akahesabu kimya, akaandika. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya chumba kile. Niliitumia kazini na niliitumia nyumbani. Sokoni hapana. Sokoni ukishapata hesabu inayokufaa, unafunga mfuko.

Mengine aliyonifundisha ni haya, na myashike. Lebo huandikwa kwa penseli, kamwe si kwa kalamu ya wino, maana spiriti hunywa wino na kukuachia karatasi safi isiyojua samaki alitoka bichi gani. Lebo hukaa ndani ya chupa pamoja na samaki, haibandikwi nje, kwa sababu mende wa Kisumu hupenda gundi kuliko ugali. Rangi iandikwe samaki akiwa bado mbichi. Fulu dume hutoka majini akiwa mwekundu ubavuni na buluu kichwani, kama mtu aliyevaa kwenda Krismasi. Mtie kwenye formalini, ile dawa ya kumzuia kuoza kabla hajahamia kwenye spiriti, na kesho yake amekuwa kahawia kama wenzake wote. Na spiriti iongezwe. Hata kifuniko kikazwe vipi, spiriti huruka kidogo kidogo, na chupa usiyoitazama kwa muda utaikuta na samaki mkavu kama wale niliokuwa nikiuza.

Kisha Mzee Odera alinifungulia midomo yao kwa kibano, mmoja baada ya mwingine. Huyu ana meno manene kama mawe ya kusagia, kazi yake kuvunja konokono. Huyu meno yake ni kama burashi, hukwangua miamba. Huyu mdomo mpana, humeza wenzake. Na huyu, kwa kuwa mama wa fulu hulea watoto mdomoni, kazi yake ni kuwafuata mama hao na kuwanyang'anya watoto humo humo.

"Hata hapa mjini wapo," nikasema.

"Wapo," akasema Mzee Odera.

Nikamuuliza nani aliyewagawia kazi namna ile. Akaniambia wataalamu wanasema wote walitokana na mama mmoja, zamani sana, wakazaana na kubadilika kidogo kidogo, kila kundi likafuata chakula chake mpaka mdomo ukafuata pia.

"Na wewe Mzee unasema nini?"

"Mimi nasema funga kifuniko. Spiriti inaruka."

Mwaka wangu wa pili au wa tatu ndipo alipokuja Mwalimu Okech. Alikuwa akifundisha bayolojia katika shule ya sekondari upande wa Bondo, na kwao ni karibu na Luanda Kotieno, jirani na kwetu, ambako nilirudi Jumapili nyingi, kwa hiyo tulikuwa watu wa kanisa moja. Kanisani yeye ndiye aliyekuwa akisoma somo. Alikuwa na kiti chake mbele, upande wa kulia, na sauti ambayo ikisoma habari ya uumbaji hata watoto waliacha kuchezea viatu.

Alileta kidato cha nne kwa lori la shule, wakajipanga kati ya rafu, nami nikawafungulia midomo kama nilivyofunguliwa. Mwalimu akaeleza habari ya mama mmoja. Msichana mmoja mwenye miwani, jina lake Adhiambo, akainua mkono.

"Mwalimu, nikiandika hii kwa mtihani napata maksi?"

"Unapata."

"Na nikiiamini naenda motoni?"

Darasa zima likacheka, na Mwalimu pia akacheka. "Wewe pata maksi kwanza," akasema. Lakini wanafunzi walipotoka nje kula mandazi, alibaki ameegemea rafu, hacheki.

"Wanaimeza kwa ajili ya mtihani, Baba Achieng, na wanaitapika getini," aliniambia. Achieng ni binti yangu wa kwanza. "Hakuna anayeniuliza kama ni kweli. Wanauliza kama itatoka."

"Na wewe je? Unaamini ya Jumatatu ama ya Jumapili?"

"Yote ni ya mwenyewe mmoja. Mungu hana haraka ya mtu anayekimbilia feri. Kama alichukua muda wake kutengeneza mdomo wa huyu fulu, mimi ni nani nimwambie angemaliza siku hiyo hiyo?"

Nilimwambia maneno hayo ni mazuri, ila asiyauze kwa jumla. Ayauze rejareja, kwa mteja mmoja mmoja, tena aliyekwisha kula. Alicheka akanipiga begani. Kila mwaka alirudi na darasa jingine, na kila mwaka nilimkumbusha bei ya rejareja.

Halafu ziwa likageuka. Mnajua habari ya mbuta, yule sangara mkubwa; mmeisoma. Mimi niliiona kwa macho ya mnunuzi. Samaki yule alikuwa ametiwa ziwani na watu kabla ya mimi kuingia kazini, akakaa kimya, kisha katika miaka ile akaanza kula wenzake. Nilikuwa nikinunua fulu wangu Luanda Kotieno kwa Mama Rosa, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, mwanamke ambaye kubishana naye bei kulikuwa kama kusukuma lori. Kwanza fulu wakapungua kwenye karai lake. Kisha wakawa wa aina moja, aina mbili. Siku moja aliniinamishia karai, halikuwa na kitu.

"Leo hakuna bei, Baba Achieng," akasema. "Leo hata wewe utabishana na nani?"

Nilisimama pale na pesa ya kituo mfukoni. Ndiyo siku pekee maishani nilipotamani kulipa zaidi. Baadaye Mama Rosa alihamia kwenye mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishakatwa kwenda ng'ambo. Aliikaanga akaiuza kwa mafungu kwa watu wale wale waliokuwa wakila fulu. Chumbani kwetu chupa zikageuka. Zilikuwa sampuli, sasa zilikuwa makaburi, na mimi mlinzi wake. Mzee Odera alistaafu katika kipindi hicho hicho. Alinikabidhi lenzi bila hotuba.

Mwalimu Okech aliliona hilo kabla yangu. Alikuja peke yake, bila lori, akapita rafu kwa rafu mikono mgongoni, kama mtu aliyekuja kutoa pole.

"Miaka yote nimefundisha jinsi walivyokuja," akasema. "Sasa nitafundisha jinsi walivyokwisha. Na hiyo haitatoka kwenye mtihani."

Mkubwa wa kituo alikuwa ameruhusu shule zipewe samaki wa ziada, wale ambao wa aina yao tunao zaidi ya mmoja. Nikamtengenezea chupa: samaki watano, midomo mitano tofauti, lebo ya penseli. Aliibeba kwenye mapaja njia nzima hadi Bondo, nilikuja kusikia, na mtu aliyejaribu kuegemea alikemewa.

Sasa niwaeleze Siku ya Mavuno. Kanisani kwetu siku hiyo kila mtu huleta alichovuna: mahindi, mihogo, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Vitu hupangwa mbele ya madhabahu, vinaombewa, kisha vinanadiwa hapo hapo na pesa zinakwenda kwa paa. Kila mwaka paa. Mnadishaji nilikuwa mimi, kwa sababu zinazoeleweka.

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo inaanza. Kati ya mihogo na kuku nikaona chupa ya kituo. Samaki watano, kahawia, vichwa chini, na lebo ya mwandiko wangu. Nikamtazama Mwalimu kwenye kiti chake cha mbele. Akaniitikia kwa kichwa, ametulia kama mtu aliyeleta ng'ombe.

Alinieleza baadaye. Siku ya Mavuno unamrudishia Mungu alichokupa, alisema, na yeye hakuwa na shamba la kusifika. Alitaka Mungu ashukuriwe kwa ajili ya wale samaki, na aombwe radhi kwa kuwa tumewapoteza. Lilikuwa kosa la mtu aliyependa ziwa, darasa na kanisa kwa moyo ule ule, akadhani vyote vitatu vinajuana.

Nilinadi kuku, nikanadi mihogo, nikaisogeza chupa nyuma, nikitumaini itasahauliwa. Mzee mmoja wa kanisa akaiinua mwenyewe, akafungua kifuniko, akanusa.

"Hii ni pombe!"

Kanisa letu haliruhusu pombe hata ya kikohozi. "Ni spiriti, Mzee," nikasema. "Si ya kunywa."

"Wote husema hivyo," mtu akajibu kutoka nyuma, na watu wakacheka. Mpaka hapo mambo yalikuwa bado mazuri. Kicheko ni nusu ya mnada.

Mama Rosa akasimama. "Mwalimu, mimi nimeuza hawa watu maisha yangu yote. Tuambie tunanunua nini."

Mwalimu akasimama pia, akaichukua chupa, akaeleza kwa sauti yake ile ya kusomea somo. Huyu wa konokono. Huyu wa miamba. Mama yao mmoja, na muda mrefu, na subira ya Mungu. Niliwaona wazee wavuvi wakiitikia kwa vichwa, maana midomo ile waliijua. Walikuwa wameitoa nyavuni kwa mikono yao.

"Kwa hivyo hawa ni ndugu," akasema Mama Rosa.

"Ni ndugu, Mama. Na hatutawaona tena."

Mama Rosa akaanza kufungua fundo la leso yake, pale anapoweka pesa. Nikamwona. Nilikuwa nimeinua mkono kupokea bei. Ndipo Pasta alipoinuka kwenye kiti chake, polepole, bila hasira.

"Mwalimu. Na mtu je?"

Nilimtolea Mwalimu macho. Kila mtu wa sokoni anajua macho yale: usiuze. Alikuwa na njia za kutokea, angalau mbili, ningeweza kumhesabia. Angesema, Pasta, hiyo tutaongea kwako na chai. Angesema, mimi leo nimeleta samaki tu.

"Na mtu naye, Pasta," akasema. "Mkono ni ule ule. Mtu naye alitengenezwa polepole."

Mama Rosa akafunga fundo lake tena.

Nimesimamia minada mingi, sijaona bei ikianguka kwa kasi ile. Mtu akapiga kelele, "Anasema mama yangu ni nyani!" Mwalimu akasema hajasema hivyo, na kweli hakusema, lakini neno lilikwisha toka mlangoni kabla yetu. Jioni ile feri ya Mbita ilivuka na habari kwamba Mwalimu Okech ameleta pombe na nyani kanisani.

Wazee wa kanisa walimwita. Hawakutaka makubwa: asimame Jumapili moja, aseme sentensi moja, kwamba ametubu mafundisho yale. Nilimshauri aiseme. Nilimwambia sentensi ni bei rahisi, nimeona watu wakilipa zaidi kwa baiskeli.

"Nikisema nimetubu nitakuwa nimedanganya mbele ya madhabahu," akanijibu. "Hiyo ndiyo itakuwa dhambi, Baba Achieng. Ile nyingine ilikuwa samaki."

Wakamweka chini ya nidhamu. Hatasoma somo, hatashiriki meza ya Bwana, hatakaa mbele. Samaki wale watano walimwagwa nyuma ya ua wa kanisa, kwenye majivu. Chupa hawakuitupa, kwa kuwa ilikuwa ya kioo kizuri. Mtu aliiosha, ikawekwa maua, na ikarudi pale pale mbele ya madhabahu kila Jumapili. Ndiyo iliyobaki na kiti cha mbele.

Wengine wangehama kanisa. Makanisa kwetu si haba, mengine yangempokea hata na pombe. Mwalimu hakuhama. Kila Jumapili alikuja na mkewe, Mama Awuor. Mkewe alikwenda kukaa na akina mama wenzake, na yeye akaketi kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, mahali pa watu waliochelewa. Aliyepewa kusoma somo alikuwa akiruka mistari. Nilikaa karibu naye mara nyingi, na nilimwona akisogeza midomo, akiisoma ile iliyorukwa. Watu walipokwenda kushiriki, yeye alisogeza miguu pembeni ili wapite. Miaka ilipita hivyo. Shuleni aliendelea kufundisha sura ile, na wanafunzi waliendelea kuuliza kama itatoka.

Aina moja kati ya zile tano, ile ya konokono, haikuonekana tena kwenye nyavu zetu zozote. Chumbani tunaye mmoja aliyebaki. Mtamkuta rafu ya tatu, upande wa dirisha.

Mwalimu aliugua kisukari. Wakati ule gugu maji lilikuwa limefunika ghuba mpaka ziwa likaonekana kama shamba, na aliletwa hospitali hapa Kisumu kwa barabara. Nilikuwa nikipita kumwona baada ya kazi. Alasiri ya mwisho tulikuwa watatu: yeye, Mama Awuor na mimi. Alifumbua macho akaniuliza, "Umeongeza spiriti?"

"Nimeongeza, Mwalimu."

"Yule wa konokono?"

"Huyo nilianza naye."

Akasema vizuri. Kisha akaanza Baba Yetu kwa Kijaluo, nasi tukamwitikia hadi mwisho. Hakusema jambo jingine. Mama Awuor alimshika mkono mpaka muuguzi alipokuja kututoa.

Nilikwenda kwa Pasta kuomba mazishi. Nyumbani kwetu, mtu wa kanisa huzikwa na kanisa: kwaya, akina mama wamevaa sare, bendera mbele, na msalaba kichwani pa kaburi. Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa mnada mgumu. Niliomba yote manne. Pasta akasema hawezi, mtu amekufa chini ya nidhamu. Nikashuka: bila bendera. Hapana. Bila sare. Hapana. Msalaba tu na sala moja, hata fupi.

Pasta alilia. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa watu wanaposimulia habari hii humfanya kuwa mtu mbaya. Yeye na Mwalimu walikuwa wamesoma pamoja darasa la kwanza.

"Nipe mtu mmoja tu aliyekuwepo pale kitandani," akasema, "aseme alitubu. Mmoja tu. Nitamzika mwenyewe kwa mikono hii."

Tuliokuwepo tulikuwa wawili. Nilikwenda kwa Mama Awuor na bei hiyo, nikaiweka mbele yake. Alikuwa ameketi chini, na wanawake wa ukoo wamemzunguka.

"Mume wangu amekaa mlangoni miaka yote hiyo kwa kukataa kudanganya," akasema. "Leo mimi nimdanganyie akiwa maiti?"

Sikubishana. Kuna bei ambazo hata mimi naona hazilipiki.

Tulimzika bila kanisa. Akina mama walikuja wengi, bila sare. Mama Rosa alikuja na yake imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaushika mfuko huo kifuani muda wote. Wanafunzi wake wa zamani waliimba. Somo lilisomwa na Adhiambo, yule wa miwani, ambaye sasa naye ni mwalimu. Alisoma habari ya uumbaji, mistari yote, hakuruka hata mmoja. Kichwani pa kaburi, pale pa msalaba, tuliweka mawe.

Hapo ndipo nilipodhani hesabu imefungwa. Nikaendelea na kazi, nikawafundisha ninyi kuandika kwa penseli, nikastaafu, nikarudi nyumbani Luanda Kotieno kulima mihogo ambayo haitaki ushauri wangu.

Mwezi huu Mama Awuor amenitumia mtu. Nilimkuta kitandani, mwili umeisha, macho yale yale.

"Baba Achieng, nenda kwa Pasta huyu mpya. Nataka Okech awekewe msalaba kabla sijalala karibu naye. Wajukuu wananiuliza kwa nini babu yao ana mawe."

"Mama, bei haijabadilika. Wanataka ile sentensi. Nimeshasikia."

"Basi iseme."

Nikamwangalia. "Ni wewe uliyekataa."

"Nilikataa, nikakaa na kukataa kwangu. Kila Jumapili napita mbele ya ile chupa." Akageuza uso ukutani. "Wewe ulikuwepo. Sema tu. Mimi nimechoka kuwa sahihi."

Nilikwenda. Pasta mpya ni kijana mpole, amesoma chuo, na alinikaribisha chai kabla ya maneno. "Mzee, mimi mwenyewe sina shida na samaki," aliniambia. "Tulifundishwa pia. Lakini wazee wa kanisa ni wale wale. Wakisikia kutoka kwako kwamba alitubu, Siku ya Mavuno tutakwenda kaburini kanisa zima, na sare, na bendera, na msalaba wa saruji ambao Mama Rosa ameshalipia."

Nilijaribu kumpa kile nilichonacho. Nilimwambia Mwalimu alikufa akisali Baba Yetu mpaka mwisho, na hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote. Akaniuliza kwa upole kama wazee watatosheka na hilo. Tulijua wote wawili kwamba hawatatosheka. Watauliza, alitubu ama hakutubu? Nami nitakuwa nimesimama mbele ya madhabahu, karibu na ile chupa ya maua, na mwanamke mgonjwa nyumbani akisubiri niseme neno moja.

Ombi langu ndilo hili. Mimi ni mtu wa bei. Maisha yangu yote nimejua kitu kinauzwa kwa ngapi na mnunuzi anaondoka kwa ngapi. Hili nimelihesabu nikapata jibu. Nikalihesabu tena, nikapata jibu jingine. Sitawaambia lipi lilikuja kwanza wala ni yapi, mnajua kwa nini. Mzee Odera angewapa lenzi na kuondoka.

Kwa hiyo nawapa. Mwalimu mmemjua sasa, na Mama Awuor, na kanisa. Hesabuni wenyewe, kimya, kila mtu na yake, kisha mniandikie niseme nini Siku ya Mavuno. Haiko mbali. Andikeni kwa penseli kama mna shaka. Na kabla hamjaketi kuandika, piteni rafu ya tatu, upande wa dirisha, mkamwongezee spiriti yule wa konokono. Amebaki peke yake.